Hukuwa Unacheza

Karakana, Kitale
Jumapili alasiri

Nafula, mama,

Nimekuita mama tangu wiki uliyozaliwa, kwa kuwa ulirithi jina la mama yangu, na leo naona tabu kidogo, maana ninachoandika hapa ni maungamo, na mtu mzima kuungama kwa mama yake si jambo jepesi. Nivumilie. Mwandiko wangu unaujua, ni wa mtu aliyezoea kuandika vipimo juu ya mbao.

Mambo ya sanduku sitayagusa. Sabuni, shuka, cheti cha kuzaliwa, nani umwamkie kwanza ukifika Bungoma, hayo mama yako na senge Nelima wamekuimbia tangu Ijumaa, na najua sikio moja limekwisha kufungwa. Huyo senge yako, dada yangu, amekuja kutoka Bungoma ili akupeleke chuo cha ualimu kesho asubuhi, na kwa sauti yake ninavyoisikia kutoka huku, bado anafundisha namna ya kukunja blanketi. Mimi nimejifungia huku karakana. Mvua imeanza kugonga mabati, na kila mtu nyumbani anadhani namalizia kiti cha mteja. Hakuna kiti.

Leo baada ya ibada, wakati wa maombi ya kukuaga palepale kanisani, senge yako aliposimama kukupa wosia alisema mbele ya watu wote, "Nafula, kichwa uko nayo nzuri, hiyo hatukatai. Lakini mchezo yako tunaijua. Huko chuo usikae karibu na madirisha, ati wakurudishe na vidole tatu." Watu wakacheka. Nawe ukacheka, ukauinua mkono wa kushoto, ukavionyesha vile vidole viwili visivyokunjika, ukasema, "Senge, si nilikuwa mtoto tu, bana. Hiyo mchezo niliacha." Wakacheka zaidi. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe. Nilifungua mdomo. Naapa nilifungua mdomo, Nafula, na kilichotoka ni, "Hii chai ina sukari mingi."

Hukuwa unacheza. Naandika hivyo mapema kabla sijaanza kuzungukazunguka, maana unajua baba yako akianzia habari Bungoma hufika Kitale kesho yake. Siku ile dirisha lilipokuangukia hukuwa unacheza. Ulikuwa umeweka mkono mahali nilipokuambia uuweke, na hukuuondoa kwa sababu nilikuambia usiuondoe. Mimi ndiye niliyesema ulikuwa unacheza. Nilimwambia mwenye nyumba, nikamwambia daktari, nikamwambia mama yako, na tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote vingine.

Sasa nikueleze yote tangu mwanzo, kama ninavyoyajua mimi.

Kazi ya madirisha yale nilijifunza Bungoma kwa mzee Masinde, aliyekuwa na karakana nyuma ya soko. Yeye alifundishwa na Kalasinga mmoja, fundi wa Kihindi aliyejenga nyumba nyingi za walowezi huku Trans-Nzoia. Unayafahamu madirisha yenyewe: vipande viwili vya mbao na vioo, kimoja juu kimoja chini, havifunguki kama mlango bali hupanda na kushuka ndani ya fremu. Watu huyaona wakadhani yanapanda kwa nguvu za mkono. Siri iko ndani ya fremu. Kila kipande kimefungwa kamba pande mbili, kamba inapita juu ya kigurudumu, na ndani kabisa, mahali ambapo macho hayafiki, unaning'inia uzito wa chuma. Dirisha likipanda, chuma kinashuka. Vikilingana, dirisha linakaa pale ulipoliacha, na hata bibi kizee analipandisha.

Masinde alikuwa mkali. Alikuwa na mti mrefu aliouning'iniza kwenye paa kwa kamba katikati. Upande mmoja anafunga dirisha, kioo na puti ya kukishikilia vikiwa tayari, upande wa pili anafunga vyuma vyake. Mti ukilala sawa, ndipo dirisha linakwenda kwenye fremu. Ukiinama hata kidogo, anaongeza vipande vya risasi au anapunguza, na wewe unakaa na njaa mpaka ulale sawa. "Wanyonyi," alikuwa akiniambia, "usiweke dirisha kama hujaripima. Hata kama mwenye nyumba anakuita mwizi, wewe pima." Nilikaa kwake miaka minne. Katika miaka hiyo sikumwona akiruka hatua hiyo hata mara moja, na nilikuwa nikimcheka, mimi na ujana wangu, kwamba mzee anapima madirisha kama mtu anayeuza mahindi.

Nilipohamia Kitale na mama yako, ujuzi ule ulikuwa kama hauna kazi. Kila aliyenunua nyumba ya mlowezi jambo la kwanza ni kung'oa madirisha ya mbao na kuweka ya chuma. Nilitengeneza vitanda, meza, milango, majeneza. Halafu akaja Madam Cherop.

Unamkumbuka, yule mwalimu mkuu mstaafu mwenye nyumba ya mawe kwenye barabara ya Endebess. Madirisha yake yalikuwa yameliwa na mchwa, na alitaka mapya yafanane na ya zamani. "Fundi wote wananiambia niweke chuma," akasema. "Mimi sitaki chuma. Nataka ipande na ishuke vile ilikuwa. Wewe utaweza?" Nikamwambia, "Madam, mimi ni wa Masinde." Hata hakumjua Masinde. Lakini nilitamani sana kulisema jina hilo, maana nilikuwa nimechoka kuitwa fundi wa vitanda.

Madirisha yalikuwa manane. Alitaka yawe tayari kabla ya wageni wa kitinda mimba wake, wakwe waliokuwa wanakuja mwezi wa kumi na moja kuzungumza mahari. Nilimwambia yatakuwa tayari na siku zitabaki. Sasa wewe ulikuwa mdogo, huenda hukujua hali ya mbao wakati huo. Msitu ulikuwa umefungwa. Serikali ilikuwa imekataza kukata miti, na mbao kavu ya podo, ile nyepesi iliyotumika kwenye madirisha ya kwanza, ilikuwa imegeuka hadithi. Nilizunguka wiki nyingi bure. Mwishowe nikanunua mkaratusi kwa mkulima mmoja wa Endebess, mti uliokatwa shambani mwake mwezi huohuo. Ukipiga msumari, maji yanachungulia. Nilijua ni mbichi. Nilijua pia ni mzito kuliko podo. Nilijiambia utakaukia palepale ukutani.

Kamba nayo. Kamba ya kazi ile ni ya pamba, imesukwa, na Kitale haikuwepo, ilibidi iagizwe Nairobi. Siku moja nilikuwa nimekwenda soko la Chwele kumtafutia senge yako beberu, nikapita kwa muuzaji wa kamba za katani, zile za kufungia ng'ombe. Nikaivuta moja kwa mikono miwili, nikaona ni ngumu. Nikajiambia, kamba inayomshika fahali itashindwa na dirisha? Nilijiona mwerevu sana. Nafula, fahali hapitishi kamba juu ya kigurudumu chenye kutu mara ishirini kwa siku.

Basi nikaranda, nikaunga, nikaweka vioo, na siku zikanibana. Zikabaki nne kabla ya wageni. Kupima madirisha yote kungenila siku mbili, na vyuma vya zamani vilikuwa palepale ndani ya fremu, vimekaa humo tangu nyumba ijengwe. Nikavitumia hivyohivyo. Sikuning'iniza mti, sikupima hata dirisha moja. Mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, zikaingia kwenye fremu kwa kubanana, na dirisha lililobanana halishuki. Nilipandisha moja mbele ya Madam, nikaliachia, likakaa. Akapiga makofi. Wakwe walipokuja walipigia picha kwenye madirisha yale, na mmoja wao aliniuliza nilisomea wapi. Nilikunywa chai ya sifa siku hiyo mpaka nikashiba.

Kisha mvua ikaisha, jua la Desemba likaingia, na mkaratusi ukafanya kile ambacho mti mbichi hufanya. Ukasinyaa. Madirisha yakalegea kwenye fremu zake, na uzito wote sasa ukawa juu ya kamba ya ng'ombe. Madam akanitumia ujumbe kwa jirani, maana simu za mkononi wakati ule zilikuwa za wakubwa. "Mwambie fundi dirisha ya sebule inashuka yenyewe." Nilijua palepale, kabla jirani hajamaliza kusema. Ningeweza kwenda na mti wangu na kamba nzuri nikaanza upya, na Madam angenisema kidogo, yangeisha. Lakini ningelazimika kumwambia kwamba sikupima. Nikaona nitafute njia ya pembeni.

Njia ya pembeni ilikuwa hii. Kuna ubao mwembamba unaozunguka dirisha kwa ndani, ndio unaolizuia lisitoke kwenye njia yake. Ukiubandika ubao huo karibu zaidi, unalikaba dirisha, na dirisha lililokabwa halishuki. Ni ujanja wa fundi mbaya. Masinde angenifukuza. Nikachukua gundi na vijiti vyangu, nikakupakia wewe nyuma ya baiskeli, maana shule zilikuwa zimefungwa na ulikuwa hunibanduki.

Ulikuwa na miaka kumi na moja. Ulikuwa umeweka futi mfukoni mwa gauni, futi yangu ya zamani iliyokatika namba ya kwanza, na ulijua kupunguza inchi moja kila ukipima. Hakuna aliyekufundisha hilo. Wiki hiyohiyo ulikuwa umenichorea alama za miguu ya meza, nikakata bila kukagua, na meza haikutikisika. Nakuambia haya kwa sababu sijui kama kuna mtu amewahi kukuambia. Ulikuwa na jicho, mama. Mimi niliyaona hayo na nilinyamaza baadaye.

Nikapandisha dirisha la sebule hadi juu, likakwama hapo kwa kutu ya vigurudumu. Nikapaka gundi kwenye ubao wa chini, nikaubandika kwenye kizingiti, nikakuambia, "Bonyeza hapa kwa vidole. Usitoe mkono mpaka nirudi, gundi ikamate." Ukasema, "Sawa, Baba." Juu ya mkono wako kulikuwa na dirisha zima la mkaratusi likishikwa na kamba mbili za katani. Kijiti cha kulizuia nilikuwa nacho, kwenye kikapu cha vyombo, hatua nne kutoka pale. Sikukichukua. Nilikuwa nimesikia vikombe barazani, Madam alikuwa ameleta chai, nikatoka nje kwenda kunywa na kumweleza jinsi mbao zinavyopumua. Maneno yaleyale, kwamba mbao zinapumua. Nilikuwa katikati ya sentensi hiyo.

Kwanza nilisikia kamba, halafu dirisha. Hukulia. Uliita "Baba" mara moja, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Nilipoingia ulikuwa umesimama vilevile, mkono wa kushoto chini ya dirisha na wa kulia bado umebonyeza ubao. Ulikuwa hujauachia.

Nililiinua. Madam alikuja nyuma yangu, akaona damu, akasema, "Yesu. Nini imefanyika?" Nami nikasema, "Alikuwa anacheza na dirisha."

Nimejiuliza mara nyingi maneno hayo yalitoka wapi. Sikuyatafuta. Yalikuwa yamekaa tayari mdomoni, labda tangu Chwele.

Hospitalini alikuwepo daktari mmoja kijana, mpole. Alikusafisha, akafunga vidole vitatu, akaniambia kimoja kitapona vizuri, viwili hajui. Halafu akainama akakuuliza wewe, "Ulikuwa unacheza na dirisha, eeh?" Ukanitazama. Nafula, ulinitazama muda mrefu kuliko mtoto anavyomtazama mtu. Mimi nikaangalia bandeji. Ukasema, "Ndio. Nilikuwa nacheza."

Mama yako alipofika alilia kwanza, kisha akakugombeza kama mama anavyogombeza akiwa na hofu. "Si nimekuambia karakana si ya watoto? Si nimekuambia?" Akapiga marufuku siku ileile, usikanyage tena mahali pa kazi yangu. Akanigeukia, "Baba Nafula, sema kitu." Nikasema, "Sikiliza mama yako." Hayo ndiyo yote niliyosema. Wewe ulitoa ile futi mfukoni kwa mkono mzima, ukanirudishia.

Januari nilirudi kwa Madam. Niliagiza kamba ya pamba kwa dereva mmoja wa lori, nikaning'iniza mti kwenye boriti za ghala lake, nikashusha madirisha yote manane, nikapima moja moja kama Masinde. La sebule nilipolifunga upande mmoja na vyuma vyake upande wa pili, dirisha lilishuka likagonga sakafu na vyuma vikapaa juu kama makopo matupu. Kazi yote ya kupima, manane yote, ilinichukua siku moja na nusu. Nilipomaliza, Madam alilipandisha la sebule kwa kidole kimoja akasema, "Sasa hii ndiyo kazi, fundi." Halafu akauliza, "Na msichana anaendeleaje? Ameacha mchezo?" Nikamwambia, "Ameacha, Madam." Nilienda nyuma ya ghala nikalia, nikanawa uso kwenye bomba la ng'ombe, nikapanda baiskeli.

Unaona basi. Makosa ya kamba na ya mti mbichi niliyarekebisha kwa siku chache, na madirisha yale yanapanda na kushuka mpaka leo. Ni lile neno nililosema mlangoni ambalo sijaweza kulishusha. Nilidhani nalisema mara moja tu, kwa ajili ya siku ile. Lakini neno la namna hiyo linataka kulishwa kila mwaka. Ukifeli hesabu, mama yako anasema ni akili ya mchezo, ndiyo iliyokuharibia vidole. Majirani wakija, watoto wao wanaonyeshwa mkono wako. Na mimi niko pale, nimekaa, nakubali kwa kichwa. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu nimeitembea miaka minane na sijafika mwisho wake, na ubaya ni kwamba nimekuburuta wewe humo.

Nilijaribu kukuambia, na sisemi hivyo ili unipunguzie. Ulipokuwa darasa la nane tulikuwa tunarudi shuleni kwenu na ripoti, tukashuka baiskeli kwenye kilima, nikaanza, "Nafula, ile siku kwa Madam." Ukaniambia haraka, "Baba, tuharakishe, mvua inakuja." Hakukuwa na mvua. Au labda ilikuwepo, sikumbuki tena, maana kwa miaka mingi nimekuwa nikitaka isiwepo.

Mara ya pili ndiyo inayoniuma zaidi. Ulikuwa umemaliza kidato cha nne, tuko mezani, ukasema, "Baba, nataka kwenda polytechnic. Nataka kusoma useremala." Mama yako akaweka kijiko chini. "Na vidole hivyo? Ulivichezea ukiwa mdogo, sasa unataka kumaliza mkono mzima?" Ukanigeukia mimi. Ulikuwa unaniuliza kwa macho, na nililielewa swali. Ningesema sentensi moja tu pale, mama yako angenyamaza, na wewe ungekwenda. Nilisema ualimu ni kazi nzuri. Ualimu ni kazi nzuri, hapo sikudanganya, na wewe utakuwa mwalimu wa kuaminika. Lakini unajua na mimi najua kwamba hukuwa umeuliza habari za ualimu.

Kuna jambo moja silijui, na hilo ndilo lililonitoa mezani leo nikaja kukaa huku. Sijui unakumbuka nini. Ulipocheka kanisani ukasema ulikuwa mtoto tu, nilikuwa nakuangalia sana, nikitafuta. Sikuona kitu. Inawezekana unakumbuka kila neno, "usitoe mkono mpaka nirudi," na siku ile hospitalini ukiwa na miaka kumi na moja uliamua kunificha, na umenificha mpaka leo mbele ya kanisa zima. Kama ni hivyo, basi mimi baba mtu nimebebwa mgongoni na mtoto miaka minane na sikusema hata asante. Au inawezekana hukumbuki. Inawezekana umesikia hadithi yangu mara nyingi hivi kwamba imekuwa yako, na unaamini kabisa kwamba wewe ni mtu asiyetulia, asiyefaa kuachiwa patasi, aliyejiharibia mkono mwenyewe. Kama ni hivyo, nilikuibia kitu ambacho siwezi kukirudisha kwa karatasi. Nimekaa hapa saa nzima nikichagua lipi afadhali, na hakuna. Fundi akikosea kipimo hukata ubao mwingine. Sina ubao mwingine hapa, mama.

Sikuombi unisamehe leo. Nakujua. Ukiwa na haraka ya safari utanisamehe ili upate kufunga sanduku, na huo utakuwa msamaha wa kuniondoa njiani. Chukua muda wako. Hata ukikasirika ukakaa mwaka usije nyumbani, nitaelewa, ingawa nitakuwa naenda kituoni kila likizo kuangalia. Na kama hapo mbele utaona kuwa ubao wa kuandikia si wako, unaotaka ni ubao wa kuranda, usiniulize ruhusa mimi wala mama yako. Vidole vitatu na viwili vinavyosimama vinatosha kushika patasi. Nimewahi kufanya kazi na mtu mwenye vichache kuliko hivyo na hakuna aliyemuuliza.

Wosia mwingine sina. Nilidhani nitakuwa nao nikianza kuandika. Nilichojifunza mimi ni kidogo sana kwa bei niliyokutoza wewe: kwamba nilikuwa naona aibu kidogo tu, aibu ya mwanamke mzee kuniambia, "Fundi, kumbe hukupima," na kwa kuikimbia aibu hiyo ya dakika tano nikamweka mtoto wangu mbele yangu aipokee maisha yake yote. Kama kuna somo hapo utaliona mwenyewe. Mimi nikilitazama naona tu mkono wako.

Mpango wangu ulikuwa nikunje karatasi hizi nizisukume chini ya shuka ndani ya sanduku, uzikute Bungoma. Nimefika hapa nimeona huo nao ni njia ya pembeni. Ungezisoma peke yako kitandani kwa watu wasiokujua, halafu ungezikunja, na huku nyumbani mama yako na senge wangeendelea kusimulia mchezo wako, nami ningeendelea kukubali kwa kichwa. Ningekuwa nimekuachia tena jambo langu ulibebe.

Kwa hiyo nikiweka kalamu chini naja huko nyumbani nilivyo, na vumbi la randa miguuni. Nitawaomba mama yako na senge Nelima wakae. Nitakuomba nawe ukae. Nitaisoma barua hii kwa sauti tangu mwanzo, sitaruka kitu. Mama yako sijui atafanya nini. Amekugombeza kwa ajili ya uongo wangu miaka yote hii, na nikimaliza atajua hivyo, na sijui kama atakuwa na mahali pa kuweka macho. Senge yako atataka kuligeuza kicheko.

Najua nitakwama, huenda hata pale mwanzo kabisa. Na najua wewe utafanya nini nikikwama. Utasema, "Haidhuru, Baba, yalipita," ili nipate kukaa chini mbele ya watu bila aibu. Ndivyo ulivyo, ndivyo ulivyokuwa siku ile mbele ya daktari. Nakuomba kitu kimoja tu, na ndicho pekee nitakachokuomba kabla hujaondoka. Nikikwama, kaa kimya. Ningoje. Hata nikilia, hata mama yako akilia, usiseme neno mpaka nifike mwisho. Mara hii usinisaidie.

Baba yako,
Wanyonyi